Ndege ya Ghorofa: Siku Sita Kusini, Kutoka Lindi Mpaka Msimbati

Siku ya kwanza: Mbagala hadi Lindi

Tulitoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, watu wanne na ndege moja. Ndege ilikuwa nyuma ya Noah, imelazwa juu ya magodoro, mabawa yamevuliwa na kuviringishwa kwenye kanga za mama yake Kijana. Ni mfano wa Tiger Moth, ndege ya zamani ya mafunzo ya Kiingereza, robo ya ile ya kweli. Ya kweli ina mita 8.94 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Yetu ina mita 2 na sentimita 23. Inaruka kwa rimoti, na injini yake ya cc 26 inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, kama pikipiki za zamani. Kijana aliijenga kwa miezi kumi na minne kwenye baraza ya nyumba ya kupanga huko Tandika, na mwenye nyumba mpaka leo anadhani ni tiara.

Kundi letu lina watu kumi na mmoja, wote wagonjwa wa ndege za mabawa mawili zile zinazopinduka angani, na hakuna hata mmoja mwenye ndege ya kweli. Dada Rubani anarusha ndege ndogo za abiria kwa mshahara, na ndiye pekee kati yetu aliyewahi kukaa ndani ya Tiger Moth: nusu saa tu, Afrika Kusini, kwa pesa yake mwenyewe. Fundi ni mekanika wa ndege mstaafu. Kijana ana miaka ishirini na minne. Mimi ni dereva, na ndiye ninayeandika.

Kwa nini Kusini? Ni maneno ya Fundi. Kila tukikutana anasema, "Kusini iliruka kabla haijapata lami." Sisi tulimjibu kwamba hayo ni maneno ya kijiweni. Akasema, basi twendeni nikawaonyeshe, mafuta tutachangia.

Ushahidi wake wa kwanza ulikuja tukiwa juu ya Daraja la Mkapa. Kabla ya mwaka 2003 hapa palikuwa na pantoni tu, na mvua ikikaza, basi la Lindi lililala njiani siku kadhaa. Fundi hakutaka kuzungumzia pantoni. Alinyosha mkono kushoto, upande wa delta. "Julai 1915," akasema, "meli ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha humo ndani ya mikoko. Waingereza hawakuwa na macho ya kuiona. Wakajenga kiwanja Mafia, wakaleta Farman na Caudron." Zote mbili ni ndege za mabawa mawili, vijiti na vitambaa, na hewa ya joto ya pwani ilizichosha kabla ya adui. Tarehe 11 Julai Farman moja ilipigwa injini ikiwa juu ya mto. Rubani wake, Cull, akaishusha ikielea bila nguvu, na mwenzake Arnold akaendelea kutuma ishara za kurekebisha mizinga ya meli za Kiingereza mpaka karibu wanagusa maji. Ndege ikapinduka mtoni, wote wawili wakaokolewa. Königsberg haikutoka tena.

"Sasa hiyo ni Rufiji," Kijana akasema, "si Lindi."

"Tulia, mwanangu. Gari bado linatembea."

Somanga tulikula samaki wa kukaanga kwa chapati. Lindi tuliingia jua likizama.

Siku ya pili: Lindi

Tuliamka na upepo. Julai ni kusi, na kusi la Lindi halikubishii hodi. Ukitaka kurusha kitu chepesi chenye mabawa mengi, ni alfajiri au basi. Saa kumi na mbili na robo tulikuwa ufukweni maji yamekupwa, kibali chetu cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kikiwa kwenye mfuko wa plastiki, na mwenyekiti wa mtaa amesimama kando na koti lake, kwa sababu alisema hawezi kuweka saini kwa kitu ambacho hajakiona kikiruka.

Kuunganisha Tiger Moth si kama kufunga meza. Kuna nyaya kati ya bawa la juu na la chini, na kila moja ina kazi yake. Nyaya za kurukia hubeba mzigo ndege ikiwa angani, mabawa yanapotaka kupanda na kuliacha tumbo. Nyaya za kutulia hubeba mabawa yenyewe ndege ikiwa chini. Fundi alizipiga kwa ukucha moja moja akisikiliza. Mwenyekiti akamuuliza anatafuta nini.

"Umewahi kuwamba kitanda cha kamba, mheshimiwa?"

"Cha babangu, mara nyingi."

"Basi ni hicho. Upande mmoja ukilegea, mlalaji anabingirika usiku."

Watoto walikuwa wameshafika, hawakuwa na haja ya maelezo. Mmoja akaita, "Ndege ya ghorofa!" Jina likashika hapohapo, na tangu asubuhi ile hatukulitumia jingine. Kusema kweli limetusaidia. Sisi husema "ndege ya mabawa mawili", halafu bibi mmoja muuza vitumbua akahesabu kwa kidole, kushoto juu, kushoto chini, kulia juu, kulia chini, akatuuliza tulisomea wapi hesabu. Ni manne.

Ilipaa baada ya kukimbia hatua thelathini hivi. Kijana akapiga mzunguko mpana juu ya maji, na kila akikata kona pua ilichelewa, ikaelekea upande usio wake kabla ya kufuata. Hiyo ndiyo tabia ya ndege hizi: aileroni, kile kibao cha kuchezacheza nyuma ya bawa, ikishuka upande mmoja, bawa lile hupanda lakini pia hukamata hewa na kurudisha pua nyuma. Dawa yake ni usukani wa mkia.

"Tumia miguu!" Dada akapiga kelele.

"Sina miguu kwenye rimoti, Dada. Nina dole gumba."

"Basi ndilo mguu."

Baadaye tulivuka kwa mashua kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, ili Fundi atoe ushahidi wa pili. Kuanzia 1937 ndege za maji za Imperial Airways, zile Short Empire za injini nne, zilikuwa zikitoka Uingereza hadi Durban kwa hatua, na baada ya Dar es Salaam zilitua hapa, kwenye maji haya, kabla ya kuendelea Msumbiji. Abiria wa London alikunywa chai akiiangalia Lindi wakati mtu wa Lindi mwenyewe anakwenda Kilwa kwa jahazi. Hiyo sehemu Fundi huisema kwa uchungu kidogo. Halafu hujikumbusha kwamba Short Empire ni ya bawa moja kila upande, na huiondolea maksi.

Nahodha wa mashua alisikiliza yote, akasema tu kwamba kama ilitua hapa katikati, ilitua wakati maji yamejaa. Yakikupwa kuna fungu la mchanga.

Siku ya tatu: Mingoyo, Mahiwa, Nachingwea

Njia panda ya Mingoyo tulishika kulia. Mtama, Nyangao, Mahiwa. Mahiwa hakuna cha kuangalia zaidi ya mikorosho na ng'ombe wachache, ingawa Oktoba 1917 ilipiganwa hapa vita ya siku nne iliyoua watu wengi kuliko nyingine nyingi za Kusini, na wengi wao walikuwa askari na wapagazi Waafrika. Tulisimama, Fundi akavua kofia, tukaendelea.

Ubishi wa gari siku hiyo ulikuwa wa kudumu: Tiger Moth au Stampe? Nitauandika kwa sababu umechukua nusu ya maisha ya kundi letu. Tiger Moth iliruka mara ya kwanza Oktoba 1931, Stampe ya Ubelgiji mwaka 1933, na kwa mbali ni ndugu. Dada ni mtu wa Stampe. Hoja yake ni moja na haijapata jibu: Stampe ina aileroni kwenye mabawa yote manne, Tiger ina kwenye ya chini tu, kwa hiyo ukitaka kujiviringisha, Tiger inakujibu baada ya kufikiri. Pia mabawa ya Tiger yamesukumwa nyuma kidogo, na wengi hudhani ni urembo. Ni kwa sababu mwalimu hukaa kiti cha mbele, chini ya bawa la juu, na jeshi la Uingereza lilitaka aweze kuruka nje na parachuti. Wakavuta bawa mbele kumpa nafasi, uzito ukaharibika, wakazirudisha ncha nyuma kusawazisha.

"Ndege iliyotengenezwa ili uikimbie vizuri," Dada akasema.

Fundi akajibu kwamba zilitengenezwa zaidi ya 8,000, na marubani wengi wa Kiingereza wa vita kuu ya pili walijifunzia humo kwa sababu ni ngumu. "Ikikusamehe kila kosa, utajifunza nini?" Kijana, ambaye anapenda Pitts Special ya Kimarekani, ile fupi kama nzi, alinyamaza. Safari iliyopita alitoa hoja yake akashushwa kwenye gari kununua maji.

Nachingwea inashangaza ukifika. Barabara zake pana haziendani na ukubwa wa mji. Ni mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kutupwa mwaka 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 35. Walileta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Reli yao ikang'olewa miaka michache baada ya Uhuru. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO walifanya mazoezi hapa. Ni mji wa kijeshi hata leo, kwa hiyo kamera ilibaki kwenye begi na ndege ilibaki kwenye kanga. Fundi alisema tu kwamba Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi Januari 1946 na Dragon Rapide, ndege ya ghorofa ya injini mbili na mwili wa mbao. Kwa watu wa maeneo kama haya, hiyo ndiyo sura ya kwanza ya neno "abiria".

Tulirusha kilomita nyingi mbele, njia ya Masasi, kwenye uwanja wa mpira wa kijiji, baada ya kusalimia ofisi ya mtendaji. Na hapa ndipo tulipoharibu.

Kijana alitaka kupiga duara la wima. Ukiwa na ndege nyepesi yenye vikwazo vingi vya hewa, lazima ushuke kwanza kukusanya mwendo, halafu uvute taratibu. Ukivuta kwa pupa mwendo unaisha kileleni. Alifanya sawasawa. Duara la kwanza lilikuwa la mviringo kama sinia. La pili, ndege ikiwa chali kabisa, injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Kimya kile, wanakijiji wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

Ilianza kuzunguka. Dada alikuwa tayari anaongea, sauti ya chini kabisa: "Usukani wa mkia kinyume. Kinyume chote. Sasa sukuma mbele." Ikaacha kuzunguka mita kama kumi kutoka juu ya mkorosho, ikanyoka, ikaingia mkoroshoni ikiwa imenyoka vizuri sana.

Mwenye mkorosho alitaka fidia ya tawi. Tulilipa elfu kumi. Akatusaidia kuishusha, halafu akakataa elfu kumi yenyewe, halafu akaichukua tena.

Siku ya nne: Masasi

Siku nzima Masasi, chini ya yale mawe makubwa. Hasara: kitambaa cha bawa la chini kushoto kimechanika kiganja kizima, mguu mmoja umepinda, kijiti kati ya mabawa kimevunjika. Na injini haiwaki.

Fundi alifungua kabureta kwenye meza ya mama lishe, juu ya gazeti. Kabureta za injini hizi ndogo hazina boya kama la pikipiki, kwa sababu boya likigeuzwa chali halijui juu wala chini. Zina daiframu, ngozi nyembamba ya mpira inayovuta mafuta kwa kupumua. Ya kwetu ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya dagaa. Ndiyo maana ikazima kileleni. Tiger Moth ya kweli pia hukohoa ikigeuzwa chali, kwa kuwa kabureta yake ni ya boya, na Fundi akaona fahari fulani kwamba hata ugonjwa tumeuiga kwa uaminifu.

Daiframu Masasi? Mama lishe ndiye aliyetuelekeza: "Nendeni kwa fundi chenso, pale nyuma ya soko." Msumeno wa kukatia miti hufanya kazi umelala ubavu, kwa hiyo kabureta yake ni ndugu wa yetu. Fundi chenso alichungulia ndege, akachungulia sisi, akavuta droo. Ya tatu aliyoijaribu ikakaa. Alidai elfu nane na kuona ikiwaka.

Kitambaa kilitupeleka mbali zaidi. Jirani wa fundi chenso ni mzee wa Kimakonde anayewamba ngoma. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akagonga bawa letu kwa vidole viwili palipo pazima, halafu palipochanika.

"Hii mnaiwamba kwa nini?"

Fundi akamweleza. Zamani ilikuwa kitani, ikashonwa kwenye mbavu za mbao, ikapakwa dawa inayokauka na kuvuta kitambaa mpaka kinalia. Siku hizi, kwa ndege ndogo kama hii, ni kitambaa kinachojikunja kwa joto, unakipiga pasi.

"Kwa hiyo ni moto," mzee akasema.

"Ni moto, baba."

"Na sisi ni moto." Akatuonyesha anavyowasha majani makavu kabla ya ngoma kuchezwa, ngoma inageuzwa usoni kwa moto mpaka sauti inapanda. Akatuonya tusivute kiraka kutoka katikati. Tuanze pembeni, pande zinazotazamana, kama anavyopiga vigingi vyake. Kijana alikuwa anakifanya kinyume miezi kumi na minne. Tukaazima pasi ya mkaa, tukapima joto kwa kutemea mate, na Dada akabandika kiraka. Kinalia sawa na upande wa pili. Nimekigonga mwenyewe.

Kijiti alikichonga seremala kwa mninga. Ni kizito kuliko cha awali, na Kijana akaongeza risasi ya nyavu upande wa pili ili vilingane.

Jioni tulikula ming'oko kwa chumvi na pilipili. Fundi akatusimulia habari za Nesterov, Mrusi aliyepiga duara la wima la kwanza duniani, Kiev, Septemba 1913, akahukumiwa siku kumi za kifungo kwa kuhatarisha mali ya serikali. Baadaye adhabu ikafutwa, akapandishwa cheo. Fundi chenso, aliyekuwa amehamia kwetu na kiti chake, alicheka mpaka akakohoa. Kilichomchekesha ni mali ya serikali.

Siku ya tano: Newala, kisha Mtwara

Vumbi jekundu, harufu ya salfa kwenye mikorosho. Shimo la Mungu, Newala, uwanda unakatika ghafla, na chini kabisa kuna bonde la Ruvuma na Msumbiji. Hatukurusha. Mpaka ni mpaka, na upepo unaopanda pale ungeichukua ghorofa yetu bila pasipoti.

Fundi alikuwa na ushahidi wa mwisho. Novemba 1917, Wajerumani walikuwa wamebanwa kwenye uwanda huu wa Makonde. Tarehe 21 meli yao ya anga L59, puto refu la gesi lenye injini, iliondoka Jambol, Bulgaria, na tani kama 15 za risasi na dawa, ije kushuka huku. Isingerudi: kitambaa chake kingeshonwa nguo na mahema. Ikageuzwa ikiwa juu ya Sudan, ikafika kwao tarehe 25 baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757. Siku hiyohiyo kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma.

"Kwa hiyo haikufika," Kijana akasema.

"Haikufika."

"Basi si ushahidi."

Fundi akakubali. Ni mara ya kwanza nimemwona akikubali.

Siku ya sita: Msimbati

Mchanga wa Msimbati maji yakikupwa ni mgumu, magari yanapita. Saa moja kasoro asubuhi, kusi halijaamka. Watoto walikuja kwa makundi, na sijui nani aliwatangulizia habari, walishaijua kwa jina: ghorofa.

Injini iliwaka kwa mkono wa tatu. Kijana akampa Dada rimoti. Dada hakupiga duara haraka. Alipanda, akaisikiliza, akaigeuza chali kwa nukta tano tukihesabu wote kwa sauti, na daiframu ya chenso haikukohoa. Ndipo akashuka, akavuta, na duara likafunga palepale lilipoanzia. Halafu moja tena. Halafu akapanda wima mpaka mwendo ukaisha, akaigeuza kwa mkia, ikarudi kwa njia ileile kama mtu aliyesahau funguo. Mvuvi mmoja aliacha kukunja nyavu.

Mafuta yalibaki kidogo. Dada akamuuliza Fundi anataka nini cha mwisho. Alidhani ataomba kujiviringisha.

"Ipitishe chini," Fundi akasema. "Polepole. Kama Rapide inayokuja kushusha watu."

Akaipitisha mita tatu juu ya mchanga, injini imepunguzwa, nyaya zinavuma, watoto wanakimbia chini yake wakipungia abiria. Ilipofika usawa wetu mafuta yakaisha. Dada akaikalisha vizuri kabisa, ila pale mbele mchanga ulikuwa umelowa. Magurudumu yakashika, mkia ukapanda juu, pua ikaingia chini. Propela ikavunjika vipande viwili.

Ilikuwa ya mwisho. Kijana alimpa mtoto mmoja kipande kimoja, na kingine Fundi alikitia mfukoni mwa koti. Tukaanza kuvua mabawa, maji yameanza kujaa.